Masta ya biashara jioni: anza na saa, ada baadaye

Mtu aliyeajiriwa akitaka kusoma masta ya biashara, swali lake la kwanza kwangu huwa ada. Simlaumu, maana wengi hulipa kutoka mfukoni. Lakini mimi ninayefundisha darasa la jioni hapa Arusha na kusimamia tasnifu humwomba kwanza tuhesabu saa.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800: vipindi, kujisomea, kazi za vikundi, mitihani na tasnifu. Kwa miezi 18 unapata saa 100 kila mwezi, yaani kama 23 kwa wiki. Kwa miezi 24 zinashuka hadi 17 hivi. Sasa weka juu yake saa 45 za kawaida za kazi ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kuwa ukomo wa wiki. Umefika 62 hadi 68, na bado hujapanda kifodi kurudi Usa River, hujakagua madaftari ya watoto, hujaenda msibani.

Saa hizo zinatoka nyumbani. Kwa hiyo kikao cha kwanza ni chako na mwenza wako, kabla ya fomu ya udahili. Akikwambia, "Wewe soma tu, nitakusaidia," bado hamjapatana. Akisema, "Jumanne na Alhamisi nitawapokea watoto mimi na chakula cha jioni ni juu yangu," hapo mmepatana. Nalisema hili hasa kwa ajili ya wanawake ninaowafundisha. Wapo wanaotoka darasani saa mbili usiku na kukuta jiko linawasubiri, kisha wanafungua kompyuta wengine wakiwa wamelala. Wana uwezo mkubwa, na inaniuma kuona mtu wa namna hiyo anaacha masomo kwa kuwa hakuna aliyempokea mzigo. Bibi, mama mdogo au dada wa kazi naye aulizwe mapema, asishtukizwe katikati ya muhula.

Kuhusu chuo sitasema mengi. Arusha tuna Chuo cha Uhasibu na ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, vyote viko Njiro. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho mizizi yake ni ya 1963. Anayehitaji kusoma kwa masafa ana Chuo Kikuu Huria. Hakikisha programu yenyewe inatambuliwa, kisha mtafute mtu aliyeimaliza akwambie alisubiri muda gani kupata maoni ya msimamizi wake.

Nasema msimamizi kwa sababu watu hawakwami sana kwenye vipindi. Darasa lina ratiba, lina wenzako wanaokupigia simu. Tasnifu haina kengele. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waipange kufuata msimu wa kazi zao. Anayefanya kazi kwenye kampuni ya utalii asijidanganye kuanzia Juni hadi Oktoba, wageni wanapojaa. Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha na kambi kadhaa zikiwa zimefungwa, ndiyo miezi yake ya kuandika. Mhasibu anajua tarehe 7 ni kodi ya mishahara na tarehe 20 ni ritani ya VAT, basi wiki yake ya utafiti ni ile ya mwisho wa mwezi, kama ofisi yake haifungi hesabu wakati huo. Likizo ya mwaka ni siku 28, sikukuu zikiwamo. Usiimalize yote kwenye mitihani. Bakiza sehemu ya kuchambua takwimu. Na Desemba, ukipanda kwenda nyumbani Marangu au Rombo, kaa na ndugu zako. Sura ya nne ya tasnifu haiandikiki kule.

Mada nayo inaweza kukuokoa au kukuzamisha. Afisa mikopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya Moshi aliyeniletea mada ya "athari za utandawazi kwa uchumi wa Tanzania" nilimrudisha ofisini kwake. Kwa nini wanachama wanachelewesha marejesho baada ya mavuno ya kahawa? Hilo analiona kila siku, na kumbukumbu ziko kabatini. Ila ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi, iombwe kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, na majina ya wanachama yafichwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, hili si suala la adabu tu.

Kuna jambo moja ambalo wengi huona aibu kuliuliza: itakuwaje mambo ya nyumbani yakizidi? Mtoto akiugua muda mrefu, kazi ikikuhamisha, au ukijifungua, ambapo sheria inakupa likizo ya siku 84, andika barua ya kuahirisha masomo. Ipeleke kwa ofisi ya masomo ya uzamili, nakala kwa msimamizi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usinyamaze ukingoje hali itulie, kwa sababu muda wa usajili unaendelea kuhesabika. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa barua nampokea tukaendelea pale tulipoishia. Aliyepotea bila taarifa hulazimika kwanza kuomba kurejeshwa, na uamuzi huo hauko mikononi mwangu.