Maoni ya Insha Yafike Kabla ya Alama

Insha ikirudi kwa mwanafunzi na 11/20 juu na wino mwekundu kila mstari, mara nyingi mambo huishia hapo. Mwanafunzi huangalia alama yake, akachungulia ya jirani, akafunga daftari. Maoni yaliyomo ndani hayana pa kutumika, kwa sababu wiki ijayo ataandika barua rasmi au hotuba, juu ya mada tofauti kabisa. Maoni humfaa mwandishi yanapomkuta bado anaandika.

Mwaka 1988, Ruth Butler alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa shule nchini Israeli waliogawanywa makundi matatu: waliopewa alama, waliopewa maoni tu, na waliopewa vyote viwili. Walioendelea vizuri ni wale wa maoni tu. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakufaidika na maoni hayo, kana kwamba hayakuandikwa.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa sekondari wadai rasimu mbili za kila insha ya mazoezi, na alama itolewe kwa rasimu ya pili pekee. Ya kwanza iandikwe kwa kuruka mstari mmoja, kwenye upande mmoja tu wa karatasi. Mwanafunzi akikosa mahali pa kuchomeka sentensi mpya, hataichomeka.

Mwalimu anaposoma rasimu hiyo ya kwanza, ajizuie kusahihisha kila kosa. Mwanafunzi akipokea ukurasa wenye masahihisho arobaini huyaona yote kuwa na uzito mmoja, na huanza na yaliyo rahisi: anarekebisha hijai, ananakili insha ileile kwa mwandiko safi, anarudisha. Nancy Sommers, mtafiti wa uandishi, alionyesha mwaka 1980, kwa kulinganisha wanafunzi wa chuo na waandishi wazoefu nchini Marekani, kwamba wanafunzi walichukulia kurekebisha kuwa ni kubadilisha maneno, ilhali wazoefu walirudi kwenye hoja yenyewe na kuijenga upya. Isitoshe, ukimrekebishia mtu sarufi ya sentensi, unamwambia sentensi hiyo ibaki, hata kama haikustahili kuwa pale.

Tazama aya hii, ya aina inayopatikana katika insha nyingi za kupinga simu shuleni:

"Simu zina madhara mengi kwa wanafunzi. Wanafunzi wanapoteza muda. Pia simu ni ghali na wazazi hawana pesa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwahiyo simu zipigwe marufuku."

Maoni yaliyozoeleka pembeni ni "fafanua zaidi" au "panua hoja". Hayo hayamwambii mwanafunzi afanye nini, naye ataongeza "sana" mahali na methali nyingine mahali. Maoni yanayofanya kazi huuliza swali ambalo jibu lake ni sentensi: "Muda upi hupotea, naye anafanya nini wakati huo? Gharama ni hoja nyingine, ipe aya yake." Maoni mawili tu, basi. Rasimu ya pili yaweza kuja hivi:

"Simu humnyang'anya mwanafunzi wa bweni usingizi. Taa zikizimwa saa nne, mwenye simu hujifunika blanketi akitazama video hadi saa saba. Kesho yake anasinzia katika kipindi cha Hisabati, na jioni ananakili kazi ya mwenzake."

Methali imeondoka bila mtu kuikataza, kwa kuwa aya sasa ina la kusema. Hili lisemwe wazi: orodha za "mapambo ya lugha" zinazokaririshwa zimeharibu insha nyingi kuliko makosa ya hijai.

Wanafunzi wanaweza pia kusomeana wawili wawili kwa dakika 15, ila wapewe kazi maalumu. Ukiwaambia tu "someaneni", mmoja atasema ni nzuri na mwingine atawinda herufi. Msomaji apige mstari chini ya sentensi inayobeba hoja ya kila aya, aweke alama ya kuuliza palipomchanganya, kisha aandike kwa sentensi moja alichoelewa. Asiguse hijai. Mwandishi akiona kilichoeleweka sicho alichokusudia, amepata maoni ambayo mwalimu hakulazimika kuyaandika.

Lugha husahihishwa mwisho. Mwalimu achague aya moja tu, aweke pembeni herufi S kwa sarufi, H kwa hijai na U kwa uakifishaji, kwenye mstari wenye kosa. Kulitafuta ni kazi ya mwanafunzi. Kusoma kwa sauti polepole husaidia kunasa silabi iliyorukwa na sentensi isiyo na kitenzi. Hakusaidii kwa anayetamka "ali" badala ya "hali", au anayechanganya r na l, kwani sikio lake halioni kosa lolote. Huyo ahitaji orodha yake mwenyewe ya maneno nyuma ya daftari. Wala sauti haionyeshi kwamba "kwahiyo" na "kwasababu" zilipaswa kutenganishwa. Upatanisho wa kisarufi nao hukaguliwa kwa kidole: shika nomino, fuata vivumishi na vitenzi vyake vyote hadi kituo. "Vyombo vyangu zimevunjika" hunaswa hivyo.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 atauliza muda utatoka wapi. Kusahihisha kila kosa kwa dakika 10 kwa insha ni saa 10 nzima. Kuandika maoni mawili kwa dakika tatu ni saa tatu, na rasimu ya pili husomwa haraka kwa sababu unajua unatafuta nini. Muda wa mwanafunzi kurekebisha, angalau dakika 30, utoke ndani ya kipindi. Ukiachwa uwe kazi ya nyumbani, wengi hunakili tu.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mtihani hauna rasimu ya pili. Ni kweli: Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hudai insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja kwa saa 1 na dakika 45. Hata hivyo, zikigawanywa sawa, kila insha hupata zaidi ya dakika 50: tano za kupanga hoja, takriban 40 za kuandika, zinazobaki za kusoma na kukata. Aliyezoea rasimu mbili hutumia zile tano vizuri zaidi, kwani anajua ni hoja gani huwa inamwishia katikati ya aya.

Rasimu zote mbili zibanwe pamoja zinaporudishwa, mpya juu. Mwalimu akiona hakuna kilichobadilika ila mwandiko, asitoe alama; arudishe na swali lilelile la pembeni, safari hii likiwa limezungushiwa duara.