Kuhudumu Gerezani Marekani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

“Mimi ni mchungaji, nimesomea. Mafunzo ya kujitolea gerezani ya nini tena?”

Hakuna anayekuja kukufundisha Biblia wala Kurani. Unafundishwa gereza: uvae nini, usiingie na nini, nani umwambie ukiona jambo. Mwaka 2003 Marekani ilitunga sheria ya kukomesha ubakaji magerezani, PREA, na kanuni zake zikatoka 2012. Zinataka kila anayejitolea na kukutana na wafungwa afundishwe kuzuia unyanyasaji wa kingono, kuutambua na kuutolea taarifa. Padri, shehe au mzee wa kanisa, wote wamo.

“Unatia saini tu, basi.”

Saini ipo, lakini ni ya kuthibitisha kwamba umeelewa, na magereza lazima yaitunze. Kesho huwezi kusema hukuambiwa.

“Wakiwa watu wazima na wamekubaliana, si kosa.”

Hapa ndipo watu wema huanguka. Kanuni za PREA zinahesabu tendo la ngono kati ya mtumishi wa kujitolea na mfungwa kuwa unyanyasaji, mfungwa awe ameridhia au hakuridhia. Ukiwa na uhuru wa kutoka getini na mwenzako hana, ridhaa yake haipimiki. Anayefanya hivyo hukatazwa kukutana na wafungwa tena, na polisi hupewa taarifa isipokuwa kama ni wazi kwamba hakuna jinai. Mara nyingi mambo huanza na vitu vidogo: namba ya simu, barua ya kupeleka nje, hela kidogo kwa mama yake. Ndiyo maana magereza mengi hukataza hata hivyo vidogo. Wengine huona ni ukatili. Mimi naona ni ukuta unaowalinda wote wawili.

“Cheti kimoja kinafungua magereza yote.”

Hapana. Kanuni za shirikisho hazitaji idadi ya saa. Zinasema mafunzo yalingane na kazi unayofanya na ukaribu wako na wafungwa. Kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo aliyehudumu Texas aulize upya akihamia Ohio.

“Mafunzo ni njia ya serikali kuibana dini.”

Sheria ya RLUIPA ya mwaka 2000 inalinda ibada za wafungwa. Mwaka 2015, katika kesi ya Holt dhidi ya Hobbs, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliafiki kwamba mfungwa Mwislamu wa Arkansas ana haki ya kufuga ndevu za nusu inchi kwa ajili ya imani yake. Ila tusome vizuri: haki inayolindwa hapo ni ya mfungwa. Mgeni anayekuja kuhubiri anaweza kuambiwa asubiri mpaka amalize mafunzo, na mfungwa asiyetaka kumsikiliza ana haki ya kubaki selo.