Nani alitawala Zanzibar kabla ya Mapinduzi?

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliangusha serikali ya Sultani, kana kwamba Jamshid bin Abdullah ndiye aliyekuwa akitoa amri. Sivyo hasa. Jamshid alikuwa mkuu wa nchi kwa mujibu wa katiba. Serikali ilikuwa mikononi mwa baraza la mawaziri la mseto wa vyama viwili, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party). Waziri Mkuu alikuwa Mohammed Shamte, Mpemba, ambaye chama chake cha ZPPP kilizaliwa mwaka 1959 baada ya yeye na wenzake kujitoa katika chama cha ASP (Afro-Shirazi Party).

Hapo ndipo penye utamu wa hesabu. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 tu kati ya 31. ZNP ilipata 12, ZPPP 6. Wakaungana, wakawa 18. Kisheria walishinda. Wafuasi wa ASP waliona wameporwa, na hasira hiyo haikumhusu Sultani peke yake. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Baada ya hapo, mseto ule haukumaliza hata miezi miwili madarakani.