Je, wajua ni kwa nini bei ya shilingi 3 na nusu ilikifikisha kitabu mahakamani?

D. H. Lawrence alipomaliza riwaya yake Lady Chatterley's Lover, kisa cha mke wa tajiri anayependana na mtunza msitu wa mumewe, alijua fika kwamba hakuna mchapishaji wa London atakayethubutu kuigusa. Akaipeleka Florence, Italia, kwenye kiwanda ambacho wapanga herufi wake hawakujua Kiingereza. Mwaka 1928 zikatoka nakala 1,000. Lawrence mwenyewe alisimulia kwamba mafundi wale walipoelezwa yaliyomo, mmoja wao alishangaa: mambo yenyewe si ndiyo tunayoyafanya kila siku?

Uingereza ikaipiga marufuku. Lakini marufuku hiyo haikumbana kila mtu. Mwenye uwezo wa kusafiri na kununua vya magendo aliisoma, na dunia haikupinduka.

Mambo yakaharibika mwaka 1960, kampuni ya Penguin ilipochapa nakala 200,000 za toleo kamili, zenye jalada jepesi, kwa shilingi 3 na peni 6. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki siku hizo ilikuwa sawa na ya Uingereza, kwa hiyo piga hesabu ya shilingi 3 na senti 50. Sasa hata karani na mpishi wangeweza kuinunua! Penguin haikujificha, iliwakabidhi polisi nakala kadhaa makusudi, ishtakiwe yenyewe badala ya muuza duka fulani.

Ilijua inachokitegemea. Sheria mpya ya mwaka 1959 ilitaka kitabu kipimwe kizima, si kwa kunyofoa kurasa zenye matusi, tena iliruhusu wataalamu waeleze thamani yake kifasihi. Mashahidi 35 walipanda kizimbani kukitetea, askofu mmoja akiwemo.

Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, aliwauliza wajumbe 12 wa jopo la raia: je, hiki ni kitabu ambacho ungependa mkeo au watumishi wako wakisome? Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipojimaliza. Watatu kati ya wajumbe hao walikuwa wanawake, na sidhani kama wengi wao walikuwa na mtumishi nyumbani. Novemba 2 wakaamua: hakuna hatia. Novemba 10 kitabu kikaingia madukani, na nakala zote 200,000 zikaisha siku hiyohiyo.

Na huyo mke asiyefaa kusoma? Jaji wa kesi, Laurence Byrne, alifika mahakamani na nakala ambayo mkewe alikuwa ameshaipitia, akaweka alama kwenye sehemu zenye mahaba na kumwandikia orodha ya kurasa zake. Ilibebwa ndani ya mfuko wa kitambaa, ambao inasemekana bibi huyo aliushona mwenyewe ili wapiga picha wasilione jalada. Leo nakala hiyo na mfuko wake vimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Bristol.