Kosa la karani, kibali cha bosi

Mkenya akisikia "kibali cha usalama" huenda akafikiria cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi. Hicho kinaonyesha kama polisi wana rekodi yako. Kibali huuliza jambo gumu zaidi: je, unaweza kukabidhiwa siri za serikali kuanzia leo?

Sasa karani anaacha faili la siri mezani. Bosi wake ana hatia, kiasi cha kupoteza kibali chake?

Kwa kosa hilo tu, hapana. Marekani, kwa mfano, hutumia mwongozo wa kuamua nani apewe kibali, ulioanza Juni 2017 wenye vigezo 13, kuanzia A hadi M. Kigezo K ndicho cha utunzaji wa taarifa za siri, na hakuna mahali kinaposema dhambi ya mdogo hurithiwa na mkubwa. Kinachopimwa ni mwenendo wa bosi mwenyewe: alijua nini, na alipojua alifanya nini.

Tuseme ni masijala fulani pale Upper Hill, Nairobi. Kwenye kabati la chuma pamebandikwa karatasi: nani kafungua, nani kafunga, saa ngapi, na nani kahakikisha. (Wamarekani wana fomu yao ya namna hii, SF 702.) Saa kumi na moja jioni karani ameshakimbilia matatu na kabati liko wazi. Bosi anatia sahihi safu ya mwisho bila hata kuinuka kitini. Hapo kosa si la karani peke yake tena. Sahihi ile ni ya bosi. Akigundua asubuhi kisha akanyamaza ili kitengo kisiaibike, anaingia kigezo E, cha mwenendo binafsi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wakubwa wengi wangejiponza, maana uzembe husameheka kuliko kuficha.

Kuna utetezi mmoja ambao mabosi wangepaswa kuuogopa. Mwongozo huo unakubali kwamba kosa linaweza kupunguzwa uzito iwapo mhusika hakufunzwa vya kutosha au maagizo hayakueleweka. Karani akijitetea hivyo na akaaminiwa, swali linapanda ngazi: nani alitakiwa kumfunza? Tena huku si mahakamani, ambako mshtakiwa hufaidika na shaka. Kwenye kibali, shaka ikibaki, uamuzi huegemea usalama wa taifa. Bosi mwenye daftari la mafunzo lenye tarehe na sahihi za wafanyakazi wake ana la kuonyesha. Anayesema "niliwaambia kwa mdomo" atapata taabu.