Maana ya “matumizi yanayokubalika”: karatasi inayokuja na kompyuta ya shule Marekani

Mwezi wa nane, shule nyingi za Marekani zinapofunguliwa, watoto hurudi nyumbani na kompyuta mpakato ya shule, mara nyingi Chromebook, na pamoja nayo karatasi ya kutiwa sahihi. Juu yake pameandikwa Acceptable Use Policy, au kwa kifupi AUP. Mwaka jana jirani yangu, mama aliyetoka Uvira, Kongo, aliniletea ya kwake ikiwa imeshatiwa sahihi. “Dada, nisomee hii,” aliniambia. “Mtoto alisema ni ya kupewa kompyuta tu.” Zilikuwa kurasa sita. Mtoto hakumdanganya mama yake. Alimweleza lile moja lililomhusu yeye, na mengine yote yakapita bila mtu wa kuyasoma.

Kwa Kiswahili tunaweza kuiita sera ya matumizi yanayokubalika. Ni makubaliano ya maandishi kati ya wilaya ya shule, mwanafunzi na mzazi juu ya namna vifaa, mtandao na akaunti za shule vitakavyotumika: kipi kinaruhusiwa, kipi kinakatazwa, shule ina haki ya kuangalia nini, nani atalipa kioo kikivunjika, na adhabu gani itamfuata mtoto akivuka mpaka. Wilaya nyingine siku hizi huiita Responsible Use, yaani matumizi ya kuwajibika, lakini jambo ni lile lile.

Neno wilaya lisikuchanganye. Kwa aliyekulia Tanzania, wilaya ni mkuu wa wilaya pamoja na ofisi zake zote. Wilaya ya shule ya Marekani ni mamlaka ya elimu peke yake. Ziko kama 13,000 nchi nzima, na nyingi zina bodi iliyochaguliwa na wakazi kwa kura, bajeti yake, na msimamizi mkuu aliyeajiriwa na bodi hiyo. Hawaii yote ni wilaya moja, na kuna majimbo yenye mamia. Ndiyo maana mabinamu wawili wanaoishi miji jirani wanaweza kuwa na sera mbili tofauti kabisa: kwa huyu YouTube imefunguliwa, kwa yule imefungwa, huyu analala na kompyuta nyumbani, yule anaiacha darasani.

Hata hivyo sera hizi zina mzizi mmoja, nao ni fedha. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mawasiliano iliyozaa mpango unaoitwa E-Rate. Kwa mpango huo shule na maktaba hupunguziwa gharama za intaneti kwa asilimia 20 hadi 90, na kadiri watoto wa familia zenye kipato kidogo wanavyokuwa wengi, ndivyo punguzo linavyokua. Fedha zenyewe hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na kampuni za simu, nazo huwatoza wateja wao; ukitazama bili yako huenda ukaona mstari ulioandikwa Universal Service. Kisha, Desemba 2000, Rais Bill Clinton alitia sahihi Sheria ya Kuwalinda Watoto kwenye Intaneti, inayojulikana kwa herufi zake, CIPA. Shule inayotaka punguzo la intaneti ni lazima iwe na sera ya usalama wa mtandaoni, iweke kichujio, ifuatilie wanachofanya watoto mtandaoni, na kabla ya kuipitisha sera hiyo iitangaze na kufanya angalau mkutano mmoja wa hadhara. Mwaka 2008 sheria nyingine ikaongeza wajibu wa kuwafundisha watoto tabia njema mtandaoni, pamoja na kuutambua uonevu wa mtandaoni na namna ya kuukabili.

Nitakaa kidogo kwenye kichujio, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wanapopotezana na shule. CIPA inaagiza kuzuia picha, si maneno: picha chafu za ngono, picha za watoto wanaodhalilishwa kingono, na picha zenye madhara kwa walio chini ya miaka 17. Haiagizi kufunga YouTube, wala michezo, wala mitandao ya kijamii. Kinachofungwa zaidi ya hapo ni uamuzi wa wilaya yenyewe, na uamuzi wa wilaya mzazi anaweza kuuhoji mbele ya bodi. Kwa hiyo mtu wa ofisini akikujibu kwamba “sheria ndiyo inavyotaka,” muulize kwa upole ni sheria ipi.

Chenyewe kichujio ni programu inayozipanga tovuti katika makundi, kama vile ngono, kamari, silaha na michezo, kisha kuyafunga makundi yaliyochaguliwa na wilaya. Haina busara ya mwalimu. Inaweza kumfungia binti ukurasa unaoeleza saratani ya matiti akiwa anafanya kazi ya sayansi, na wakati huo huo ikaacha wazi tovuti chafu iliyoanzishwa jana ambayo haijaingia kwenye orodha yoyote. Watoto nao hupashana habari za njia za kukizunguka, hasa VPN, yaani programu inayoficha tovuti anazozitembelea mtu, na ni kawaida ya AUP kukataza jambo hilo waziwazi. Ukurasa wa masomo ukifungwa, njia iliyo salama ni kumwomba mwalimu aombe ufunguliwe.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: kichujio kimekaa wapi? Kikiwa kwenye mtandao wa shule tu, kinamlinda mtoto akiwa kwenye waifai ya shule, na kompyuta ikifika sebuleni kwako iko wazi. Kikiwa ndani ya kompyuta au ndani ya akaunti, kinamfuata hadi nyumbani. Na hili la akaunti lina upande wa pili ambao familia nyingi hawaujui. Mtoto akiingia kwa akaunti ya shule kwenye kivinjari cha Chrome katika kompyuta ya baba yake, masharti ya shule yanaweza kuingia naye, kichujio na ufuatiliaji vikiwemo, kwa muda wote akaunti hiyo imefunguliwa. Baba akija kukaa pale usiku kutafuta daktari au mwanasheria wa uhamiaji bila kubadilisha akaunti, anayatafuta mambo yake mbele ya macho ya shule. Nawasihi sana hapa: nyumbani, kila mtu na akaunti yake.

Ufuatiliaji wenyewe una sura nyingi. Darasani, mwalimu anaweza kuziona skrini za wanafunzi wake wote kwa programu kama GoGuardian. Programu nyingine, kama Gaggle, hupitia barua pepe na kazi zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya shule zikitafuta dalili za mtoto kutaka kujidhuru, vitisho, au picha za utupu. Lengo ni kumfikia mtoto kabla ya madhara, na lengo hilo naliheshimu. Lakini mtoto anayeandika usiku mambo ya moyoni mwake kwenye akaunti ya shule, akidhani ni daftari lake la siri, anastahili kuambiwa mapema kwamba kuna jicho jingine linalosoma. Mwambie wewe, kwa lugha ya nyumbani, kabla hajaja kuambiwa na mtu wa ofisini.

Ufuatiliaji pia uliwahi kuvuka mpaka. Mwaka 2010 wilaya ya Lower Merion, karibu na Philadelphia, ilishtakiwa ilipojulikana kwamba programu ya kutafuta kompyuta zilizopotea ilikuwa ikipiga picha kwa kamera za kompyuta walizopewa wanafunzi, hata wakiwa majumbani mwao. Uchunguzi ulikuta picha zaidi ya 50,000, za kamera na za skrini. Oktoba mwaka huo huo wilaya ikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Tafuta kwenye karatasi yako sentensi inayotaja kamera. Kama haimo, uliza.

Yote niliyoyasema mpaka sasa yanahusu vitu vya shule. Simu ya mtoto, yenye bando uliyomlipia wewe, haimo ndani ya ulinzi huo, na mtu asiyemjua mtoto wako humfikia kwa urahisi zaidi kwenye simu hiyo kuliko kwenye Chromebook. Shule haiioni, na kisheria mkono wake huko ni mfupi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wilaya ya Mahanoy, Pennsylvania, ambapo mwanafunzi alikuwa ameondolewa kwenye timu ya washangiliaji kwa matusi aliyoyaweka kwenye mtandao wa kijamii wa Snapchat mwishoni mwa juma, akiwa nje ya shule. Majaji 8 dhidi ya 1 walisema shule ilikiuka uhuru wake wa kusema. Ila mahakama hiyo hiyo iliacha mlango wazi kwa mambo mazito, kama uonevu mkali unaomlenga mtu na vitisho kwa walimu au wanafunzi. Mtoto asiichukue hukumu ile kuwa kibali. Katika nchi iliyokwisha kuzika watoto wengi waliopigwa risasi shuleni, utani wa bunduki kwenye kundi la marafiki unaweza kuleta polisi mlangoni usiku huo huo, na kwa familia ambayo karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, huo si mzigo wa kuuchezea.

Kuna kipengele kingine ambacho wazazi hukipita haraka: taarifa za mtoto. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, matokeo, wakati mwingine hata habari za afya, vyote hukaa kwenye mifumo ya kampuni zinazoihudumia shule. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za elimu za mtoto wake na kuomba makosa yarekebishwe. Mtoto akifikisha miaka 18 haki hiyo inahamia kwake. Sheria hiyo inampa mzazi pia nafasi ya kukataa majina na picha za kawaida zisitolewe kwa watu wa nje, lakini ni lazima akatae kwa maandishi ndani ya muda uliotangazwa. Sheria ya COPPA ya mwaka 1998 inazitaka tovuti na programu zinazolenga watoto zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13, na kwa programu za masomo shule inaweza kuitoa idhini hiyo kwa niaba ya mzazi. Hapo sahihi yako ina uzito, kwa maana AUP mara nyingi ndiyo inayokuarifu kwamba jambo hilo linafanyika.

Taarifa hizo huibwa. Septemba 2022 wezi wa mtandaoni waliivamia wilaya ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini, na baadaye wakazianika taarifa walizoziiba. Desemba 2024 mfumo wa kampuni ya PowerSchool, unaotunza kumbukumbu za wanafunzi wa wilaya nyingi, ulivunjwa kwa nywila iliyoibwa. Mtoto hana mkopo wala kadi, kwa hiyo mtu anaweza kutumia namba yake ya Social Security, ile namba ya serikali inayotumika hata kuombea mikopo, kwa miaka bila yeyote kugundua. Tangu Septemba 2018 mzazi anaweza kuzifungia bure taarifa za mikopo za mtoto wa chini ya miaka 16, ili mtu asichukue mkopo kwa jina lake, katika kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Kila moja huombwa peke yake, kwa vyeti vya mtoto na vya mzazi. Ni kazi ya jioni moja au mbili, na ningependa kila familia iifanye.

Kuhusu kioo kuvunjika sina mengi. Wilaya nyingi huuza bima ya mwaka kwa ada ndogo. Soma kama inalipia kuibiwa au kuvunjika tu, na uilipe mapema.

Lililobaki ni lugha. Louisville, Boise, Grand Rapids na Dallas zina familia nyingi za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, na mara nyingi mtoto ndiye mkalimani wa nyumba. Kwa karatasi hii, mtoto asiwe mkalimani, kwa sababu ndiye anayewekewa masharti. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu iliona kuwa kumwacha mtu nje kwa sababu ya lugha ni sehemu ya ubaguzi huo. Omba mkalimani, hata wa kwenye simu. Sema tu: Swahili interpreter, please. Na karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi bado inaweza kuulizwa.

Jirani yangu alirudi shuleni na karatasi yake. Mkalimani alikuwa kwenye simu, dada wa Kikenya, na mazungumzo yalichukua kama dakika ishirini. Kichujio kinafanya kazi nyumbani? Ndiyo, kiko ndani ya akaunti. Kamera inaweza kuwashwa na shule? Hapana, na alionyeshwa mstari unaosema hivyo. Na kwenye simu ya kijana wangu? Hapo, mama, sisi hatupo. Jioni ile alihamisha chaja zote za simu kutoka vyumbani akazipanga jikoni, juu ya friji, na ya kwake akaiweka ya kwanza.