“Kafuata Wajomba Zake”: dhana potofu kuhusu akili ya kurithi

Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu, ya mwisho Ijumaa jioni nikiwa nimeshashika ufunguo wa mlango. Baba mmoja kaja na binti yake wa darasa la nne. Ripoti ya muhula inasema Hisabati 11 kati ya 50. Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha, halafu badala ya swali akanipa jibu: “Dokta, huyu kafuata wajomba zake. Kule hakuna aliyewahi kuijua hesabu.” Binti kakaa palepale, anasikia kila neno.

Kwanza nina ugomvi wangu na hawa wajomba. Miaka yote niliyokaa na wazazi, hajatokea hata mmoja wa kuniambia mtoto kaongoza darasa kwa sababu ya wajomba. Akiwa wa kwanza ni damu ya baba. Akishika mkia, ghafla ukoo wa mama unakuwa na vinasaba vya chuma. Mtoto huchukua karibu nusu kwa nusu, na vinasaba havisubiri ripoti ya shule ndipo vijigawe.

Dhana: kikiwa cha kurithi, hakibadiliki

Hapa ndipo ninapochoka. Sikatai urithi. Anayedai vinasaba havihusiki kabisa na uwezo wa kujifunza naye anajidanganya. Mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, hukaribiana kwenye majaribio ya akili kuliko mapacha wasiofanana, na hilo limepimwa na kurudiwa. Tatizo ni lile neno dogo linalofuata: “Karithi, basi.”

Chukua fenilketonuria. Huo ni ugonjwa wa kurithi bila ubishi: nakala moja mbovu ya kinasaba kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Mwili wa mtoto unashindwa kuivunja fenilalanini, kiungo cha protini kilichomo kwenye maziwa, mayai na nyama, nacho kikirundikana kinaharibu ubongo. Zamani watoto hawa waliishia na ulemavu mkubwa wa akili. Tangu miaka ya 1960, kwenye nchi zinazopima tone la damu la kisigino cha kichanga, anayegundulika huwekwa mapema kwenye mlo maalumu, akakua na kusoma kama wenzake. Kinasaba kiko vilevile. Kilichobadilishwa ni sahani.

Halafu kuna wanaokuja na asilimia. Wamesoma mahali kwamba akili ni ya kurithi kwa asilimia 50, wakaelewa kuwa nusu ya kichwa cha mtoto imeshajengwa na nusu iliyobaki ndiyo ya mwalimu. Asilimia hiyo haimhusu mtoto wako. Inapima tofauti baina ya watu wengi, wa mahali fulani, wa wakati fulani. Angalia vidole: tano kwa kila mkono ni kazi ya vinasaba, lakini ukiuliza kwa nini fulani ana vinne, mara nyingi utasimuliwa habari ya panga au mashine ya kukata majani. Ukipiga hesabu ya asilimia kwa idadi ya vidole, urithi unaangukia karibu na sifuri, ilhali kila mtu anajua vidole tunazaliwa navyo.

Urefu wenyewe, kwenye nchi zinazokula zikashiba, hufika asilimia 80 hivi. Basi umeganda? Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 wamewazidi waliozaliwa 1896 kwa takribani sentimita 20. Na hapa jirani, Embu nchini Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini mwaka 1984 kwa mafumbo ya michoro, wakarudi 1998 kuwapima wengine wa umri uleule. Kundi la pili liliwaacha wa kwanza mbali. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya Embu. Walichokiona kimebadilika ni wazazi waliosoma zaidi, familia zenye watoto wachache, na lishe na afya iliyo nafuu.

Ndiyo maana hoja ya “ukoo mzima hawajui hesabu” hainitishi. Ukoo hurithishana vinasaba, lakini hurithishana na jiko. Mama mjamzito akikosa madini joto sana, ubongo wa mtoto unaumia tumboni. Bibi alitumia chumvi ileile isiyo na madini joto, shangazi vilevile, na mtaani wanasema ni damu. Hurithishana pia maneno. Mtoto aliyeambiwa tangu darasa la kwanza kwamba kwao hawajui hesabu, akikwama kwenye kugawanya anaweka kalamu chini. Mwenzake anafuta, anajaribu tena.

Dhana: ni malezi tu, mama ndiye wa kulaumiwa

Upande wa pili wa ujinga uleule. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, mwandishi wa saikolojia ya watoto huko Marekani, alieneza kitabuni kwamba usonji (autism) unaletwa na mama asiye na mapenzi. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti wa mapacha wa Uingereza: katika jozi 11 za wanaofanana, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili, katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Mama mwenye mtoto wa usonji akija kwangu, jambo la kwanza ninalomwambia ni hilo: vinasaba vinahusika, si upungufu wa mapenzi yake.

Dhana: samaki akishakauka hakunjiki

Yako mambo yasiyosubiri, jicho vivu mojawapo, yaani jicho linaloona hafifu kwa sababu ubongo haujajifunza kulitumia. Lakini kusoma? Waulizeni wazee waliojifunza kuandika majina yao kwenye kisomo, baada ya 1970 kutangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima hapa Tanzania.

Sasa yule binti. Wanaonijua wanajua wimbo wangu: kabla ya kunizungumzia akili, pima macho na masikio, niambie analala saa ngapi na anakula nini asubuhi. Nikamwomba anisomee tarehe kwenye kalenda iliyo ukutani nyuma yangu. Akainuka kitini, akazunguka meza, akasogea hadi pua ikakaribia karatasi, ndipo akasoma. Darasani anakaa dawati la nyuma kwa sababu ni mrefu.

Nikamgeukia baba. “Baba Zuhura, hiyo miwani ulianza kuvaa lini?”

“Nikiwa sekondari. Nilikuwa sioni ubaoni.”

“Na babu yake Zuhura, mzee wako?”

Akanyamaza kidogo. “Naye anavaa.”

Nikamwandikia karatasi ya kwenda kliniki ya macho Jumatatu. Wajomba hatukuwataja tena.